Tambi za mzee wa Xiaobei: hata simu ikizima utakula

Huwa nanunua nguo za watoto soko la Zhongshanba, Guangzhou, China, kwa ajili ya duka letu Kariakoo. Miguu ikishachoka na begi la sampuli likishajaa, napanda metro laini ya 5, kituo cha nne nashuka Xiaobei, naenda kula tambi kwa mzee mmoja wa Kihui, yaani Wachina Waislamu. Ni mteja wake tangu 2015.

Kiduka chenyewe kina meza sita, kiko uchochoroni, kibao cha kijani kimeandikwa "halali" kwa Kiarabu. Siku ya kwanza sikujua nitaulizaje kama nyama inafaa. Mzee alinitazama mtandio, akaweka mkono kifuani, akasema, "Salamu alaikumu." Nikakaa.

Ukiweza, kaa karibu na jiko. Kijana wake anachukua donge la unga, analivuta kwa mikono miwili, analikunja, analibamiza mezani, pa! Anavuta tena. Kila mkunjo nyuzi zinakuwa mara mbili. Nimemhesabia mikunjo minane, yaani nyuzi 256 kutoka donge moja, na hakuna uliokatika. Zinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka, na kabla hujamaliza kupangusa vijiti bakuli liko mbele yako: supu ya mifupa ya ng'ombe, safi mpaka unaona chini, vipande vya figili, giligilani, na mafuta mekundu ya pilipili juu. Pilipili yao inanukia kuliko inavyowasha. Mtu asikuambie tambi za pakiti ni kitu hicho hicho.

Kibaoni zinaitwa tambi za Lanzhou, ila mzee kwao ni Hualong, mkoa wa Qinghai, kama wenzake wengi wenye biashara hii.

Kasoro ipo. Nyama ni chache na imekatwa nyembamba mno, kwa hiyo agiza ya ziada. Bakuli nililolipia yuani 10 zamani, safari hii ni 16. Ijumaa baada ya swala utasimama mlangoni.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Zamani tulitembea na noti kiunoni na kila mtu alizipokea. Sasa hata muuza viazi vitamu wa barabarani ana karatasi ya QR ya kuskani kwa simu ili umlipe. Wiki iliyopita simu yangu ilizima, nikaingia mkahawa mmoja mpya nikiwa na kiu. Binti alinionyesha stika ya mezani; noti yangu hakuigusa, ingawa Benki Kuu yao ilishasema tangu 2018 kwamba kukataa fedha taslimu ni kosa. Nilitoka nimenyong'onyea. Nikaenda kwa mzee. Alichukua noti ya mia, akafungua bati la biskuti, akanihesabia chenji mkononi, kisha akaichomeka simu yangu kwenye chaja yake bila kuombwa. Nilikula taratibu siku ile.

Dada na kaka mnaokuja kwa mara ya kwanza, unganisheni kadi ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu wanazolipia huku, kabla ya kupanda ndege. Kadi za nje zinakubaliwa. Noti ndogo ndogo za yuani bebeni pia. Na kama hutaki pilipili, mwambie mzee "bu yao la" mapema, kijana hajashika kijiko cha mafuta.