Shahidi Mtaalamu wa Afya ya Akili na Faili la Mteja: Tathmini ya Huduma Moja

Mawakili wengi humchagua shahidi mtaalamu wa magonjwa ya akili kwa kuangalia vyeti vyake, uzoefu wake mahakamani na jinsi anavyostahimili maswali ya wakili wa upande wa pili. Siku hizi naangalia pia anavyolishika faili la mteja, na kwa kipimo hicho huduma ninayoieleza hapa inasifika upande mmoja na kutia mashaka upande mwingine. Ni ofisi ya madaktari bingwa na wanasaikolojia wanaoandaa ripoti kwa mashauri ya fidia, ya jinai na ya malezi ya watoto. Sitaitaja jina, kwa kuwa anayeifahamu ofisi yangu na yao anaweza kukisia ni nani waliopitia huko, na ingekuwa ajabu kuandika juu ya faragha huku naivunja.

Nianze na kinachofanywa vizuri zaidi kuliko kwingine nilikowahi kupeleka wateja. Kabla ya swali la kwanza, daktari humweleza mteja kwa maneno mepesi kwamba yeye si tabibu wake, kwamba atakayosikia yanaweza kuingia katika ripoti, na kwamba ripoti hiyo itasomwa na hakimu, na wakili wa upande wa pili na huenda na kampuni ya bima. Maelezo hayo ni ya lazima, maana mtu akishaketi mbele ya daktari wa akili hufunguka kama aliyekwenda kutibiwa, ilhali siri ya tabibu na mgonjwa hapa haimlindi kwa namna aliyoizoea. Katika utangulizi wa kikao kimoja nilichohudhuria, mteja alianza kusimulia misukosuko ya ndoa ya mdogo wake. Daktari alimkatiza kwa upole: “Samahani, mama, hayo ya mdogo wako sitayaandika, kwa sababu mahakama haikuniuliza habari zake.” Kalamu aliiweka mezani kabisa mpaka mazungumzo yaliporudi kwenye ajali.

Kwangu mimi, faragha katika kazi hii hulindwa hapo hasa. Ripoti ikishawasilishwa mahakamani, mwenye taarifa hana tena uwezo wa kuirudisha. Hupita mikononi mwa makarani, mawakili na wataalamu wa upande wa pili, na mara nyingine husomwa kwa sauti mbele ya watu. Kwa hiyo ulinzi wenye maana ni ule wa kutochukua kisichohitajika. Ofisi hii haiombi faili zima la hospitali tangu utotoni. Huandika barua inayotaja miaka na aina ya kumbukumbu zinazohusiana na swali lililoulizwa. Katika historia ya maradhi ya familia, ambayo kitabibu haikwepeki, huandika “ndugu wa damu aliwahi kutibiwa sonona” bila jina wala uhusiano kamili, kwa sababu ndugu huyo hakutoa ridhaa yoyote.

Kasoro zinaanza ripoti inapotoka mlangoni. Nilitumiwa faili lililofungwa kwa nenosiri, kisha nenosiri lenyewe likaja dakika chache baadaye kwa barua pepe ileile, jambo ambalo ni sawa na kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa. Jina la faili lilikuwa na ukoo wa mteja pamoja na ugonjwa uliokuwa ukichunguzwa, hivyo hata asiyeweza kulifungua alishapata habari nzito kuliko zote. Baya zaidi, sehemu zilizofichwa kwa mistari myeusi zilisomeka zote nilipoyanakili maneno yaliyo chini yake na kuyabandika kwenye ukurasa mwingine. Nilipowaarifu walituma nakala iliyorekebishwa haraka na kwa adabu. Hata hivyo, muda si mrefu katibu wao aliniomba nitume kumbukumbu za matibabu kwa WhatsApp “ili kuokoa muda”. Nilikataa.

Kuna watakaosema naokoteza vidogo. Nchini Finland, kumbukumbu za wagonjwa wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo ziliibwa kutoka kwenye kanzidata iliyokuwa ikifikika kwenye intaneti bila ulinzi wa kutosha. Mwaka 2020 mhalifu alidai fedha kwa kampuni, kisha Oktoba akawageukia wagonjwa mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu, akitishia kutangaza waliyoyasema faraghani. Mwaka 2021 kampuni ilifilisika, na mwaka huohuo ikatozwa faini ya euro 608,000. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na mbili za kwanza huweka saa 72 za kuiarifu mamlaka pale taarifa zinapovuja. Ofisi ya madaktari wachache haina msamaha kwa udogo wake.

Kuhusu muda wa kuhifadhi, nilipata jibu la maandishi lililo wazi. Hawafuti chochote kabla muda wa rufaa haujaisha, kwa kuwa mtaalamu anaweza kuitwa tena kufafanua maoni yake. Baada ya hapo kila faili lina tarehe ya kuharibiwa. Mteja hupewa nakala ya ripoti akiomba, lakini karatasi za majibu ya vipimo vya kisaikolojia hukabidhiwa mwanasaikolojia mwenzao tu, maana maswali ya vipimo hivyo yakisambaa hupoteza thamani. Nakubaliana nao.

Swali ambalo halijajibiwa ni la sauti. Mahojiano hurekodiwa na kupelekwa kwa mchapaji wa nje, na hakuna aliyeweza kunionyesha mkataba unaomfunga mtu huyo kutunza siri au kuzifuta rekodi. Kwa mashauri ya fidia nitaendelea kuwatumia, nikipokea ripoti kwa mkono. Kwa mashauri ya malezi, ambako habari za mtoto na za mzazi asiyekuwapo huchanganyika katika mazungumzo mamoja, sitawapelekea mteja mpaka niuone mkataba huo.