Kofia ya kuchomelea yenye feni: waranti imekufa kwa jasho langu

Siku za mwanzo nilikuwa naisifia hii kofia kwa kila fundi aliyepita hapa Buguruni. Joto la Dar mwezi wa kwanza mnalijua. Uko chini ya bati, grili ya dirisha mbele yako, kofia ya kawaida usoni, jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta bila kuacha kazi. Hii ina feni inayofungwa kiunoni. Inavuta hewa, inaichuja, inaipandisha kwa bomba la mgongoni hadi usoni. Haiipoozi, hewa ni ileile ya Dar, lakini ikipita kwenye uso uliolowa unapata nafuu kubwa. Hata bomba za galvanaizi, ambazo ukivuta moshi wake mchana jioni unatetemeka kwa homa kama ya malaria, nilizichomelea nikalala vizuri.

Haikumaliza miezi miwili. Niko katikati ya geti la mteja, feni ikanyamaza. Hapo hatari yake inazidi kofia ya kawaida, maana kitambaa kimekubana kidevuni, unabaki kupumua hewa uliyoitoa mwenyewe. Niliivua kwa pupa mpaka nikaangusha koleo.

Nikairudisha dukani Kariakoo, risiti mkononi, waranti ya mwaka mzima. Kijana wa kaunta akachomoa plagi ya betri, akanionyesha kutu ya kijani kwenye meno yake. "Mzee, umeingiza maji. Waranti hapa haihusiki." Nikamwambia hilo ni jasho, mwanangu, mimi nachomelea. Akajibu bila hata kuniangalia: "Kwani jasho si maji?" Akamwita mteja aliyefuata.

Laki tisa zangu! Nimeuziwa kofia kwa sababu natoka jasho, halafu jasho hilohilo ndilo linafuta waranti? Na aliyeitengeneza naye, plagi anaiwekaje kiunoni nyuma, palepale jasho la mgongo linapoishia?

Nilikusudia kuandika msinunue kabisa. Lakini nyumbani niliisugua ile plagi kwa msasa laini, nikaivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli, ikawaka. Leo nimechomelea nayo mpaka saa kumi, shati limelowa, uso mkavu. Basi kofia nunueni. Ila kama huna mkono wa kufungua kitu mwenyewe, iache, maana ikizima hakuna atakayekusaidia. Mimi pale dukani sirudi, hata chujio likijaa nitaagiza kwingine.