Vifuko vya viungo vya mvinyo wa moto: nimemaliza boksi zima, haya ndiyo niliyoyaona

Boksi lina vifuko 12 vinavyofanana na vya majani ya chai, kila kimoja cha chupa moja ya mvinyo. Nimevimaliza vyote msimu huu wa baridi, kwa hiyo sisemi kwa kuonja mara moja.

Cha kwanza nilikitumia vile vile boksi lilivyoelekeza: mimina mvinyo mwekundu kwenye sufuria, tia sukari gramu 150, tumbukiza kifuko, chemsha dakika 20. Nyumba nzima ilinukia, mpaka mdogo wangu akaja jikoni kabla sijamwita. Akapiga funda moja, akarudisha kikombe mezani. "Dada, hii si ile dawa ya kikohozi?" Nikaonja na mimi. Ulitangulia utamu, ukafuata uchungu wa kukausha kinywa, halafu karafuu ikautia ulimi ganzi. Mvinyo wenyewe sikuuona popote. Tukamwaga sufuria yote, na iliniuma kweli.

Kesho yake nilipasua kifuko cha pili juu ya sahani nyeupe nijue kuna nini humo. Unga mtupu. Nilichambua kwa ncha ya kisu, sikupata hata kichwa kimoja cha karafuu wala kipande cha mdalasini; kilichobaki kizima ni vipande vya ganda la chungwa vilivyokaushwa pamoja na ule utando mweupe wa ndani, na huo utando ndio wenye uchungu. Hapo nikaelewa. Kiungo kilichosagwa hutoa kila kitu upesi, kizuri na kibaya kwa pamoja, na ukikiacha dakika 20 kwenye moto huna tena cha kuokoa. Vumbi lake nalo hupenya kifuko na kutuama chini ya kikombe kama tope.

Lakini kosa kubwa zaidi ni hilo neno "chemsha". Mvinyo wa moto hauchemshwi! Pombe tupu huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, maji kwenye 100, kwa hiyo mvinyo ukishatokota, pombe na harufu za matunda ndizo zinazotangulia kuondoka. Unabaki na ukali na uchachu, ndipo watu wanapoanza kuufunika kwa sukari.

Kuanzia kifuko cha tatu niliacha kufuata boksi. Nilitumia kipimajoto, nikapasha mvinyo moto mdogo hadi nyuzi 70, mvuke unapanda lakini hakuna kinachotokota. Nikazima, nikatia kifuko, nikafunika dakika 8, nikakitoa bila kukikamua. Ukikikamua, uchungu wote unarudi sufuriani. Sukari nilianza na gramu 50, naonja, naongeza. Tofauti ilikuwa kubwa. Huyo huyo mdogo wangu aliomba kikombe cha pili.

Mvinyo nao una neno lake. Nilijaribu mmoja uliokaa kwenye pipa la mwaloni nikidhani nafanya jambo la maana, kumbe ule ukakasi wake ukikutana na viungo unazidi kuwa mkali. Chukua mwekundu mwepesi, wenye ladha ya matunda, hata kama si wa kujivunia.

Kifuko cha 11 nilikishindanisha na viungo vizima, chupa mbili za mvinyo ule ule. Kwenye sufuria ya pili nilitia kijiti kimoja cha mdalasini, ule wa maganda membamba yaliyoviringishwa tabaka kwa tabaka, karafuu 5, iliki 3 nilizozipasua kidogo, na ganda la chungwa nililolimenya juu juu nisifike kwenye weupe. Nyuzi 70 zile zile, ila hii niliiacha kwenye moto mdogo dakika 25. Mvinyo ulibaki angavu. Ukipiga funda unakutana na matunda kwanza, mdalasini unakuja taratibu, na iliki unaisikia ukishameza. Wa kifuko ulinyweka, lakini kila kitu kilikufikia kwa mpigo mmoja kisha kikakatika.

Jambo jingine: boksi ni karatasi tupu, ndani hakuna kifungashio chochote cha kuzuia hewa. Kifuko cha 12 hakikuwa na nusu ya harufu ya kile cha kwanza. Ukinunua, vihamishie kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana siku hiyo hiyo.

Anayeweza kufaidi hapa ni mtu asiye na viungo jikoni, anayetaka vikombe vinne jioni hii bila kuchuja kitu, tena awe tayari kuyapuuza maelekezo. Nawapa nyota mbili kati ya tano. Wakiweka viungo vizima ndani na kuandika nyuzi 70 mahali pa "chemsha", nitanunua tena.