Kabla ya Kununua Kasha Kubwa la Kompyuta, Piga Magoti Uangalie Chujio la Chini

Shaabani iliyopita nilikuwa na harusi nne za kuhariri, na kila bibi harusi ataka video yake kabla mwezi mtukufu haujaandama. Usiku wa tatu kompyuta ikazima yenyewe. Nikaiwasha, ikadumu dakika kumi, ikazima tena. Fundi alipoilaza ubavu tukaona kilichoniponza: chujio la vumbi chini ya pawa saplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, limeziba kabisa, vumbi limegandana kama sufi ya mto wa zamani. Pawa saplai imeungua.

Kasha lile nililinunua shilingi elfu tisa. Kubwa, lina kioo ubavuni na taa mbele. Lakini chujio lake la chini limebanwa kwa vishikizo vinne upande wa sakafuni, na halitoki mpaka uilaze kompyuta nzima. Yangu ina diski sita, nayo imekaa kwenye kona kati ya meza na ukuta. Sikuilaza miezi minane.

Kwa hiyo sitakueleza habari za ukubwa wa madabodi, ule ubao mkuu wa saketi, wala urefu wa kadi ya grafiki. Hayo duka lolote litakupimia. Swali langu ni moja: chujio la chini linatokea wapi?

Makasha mengi makubwa ya siku hizi huweka pawa saplai chini kabisa, ndani ya chumba chake kilichofunikwa kwa bati, na feni yake hutazama sakafu. Feni hiyo huvuta hewa kutoka pale pale vumbi na nywele zinapotulia. Na vumbi la Mombasa si la bara. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na vumbi likishalowa hunata. Bloa haiving'oi vipande vile. Likikaa ndani, kutu huanzia kwenye kingo za bati zilizokatwa bila kupakwa rangi. Anayeishi Mji wa Kale au Nyali karibu na ufuo anajua madirisha yake yanavyoliwa. Kompyuta nayo inaliwa vivyo hivyo.

Chujio linalovutwa kwa mbele, kama droo, ni kazi ya dakika moja. Linalotokea nyuma linakulazimisha uisogeze kompyuta pamoja na nyaya zake zote. La vishikizo vya chini, usinunue.

Kasha la kwanza kwangu ni Meshify 2 XL ya Fractal Design, kampuni ya Sweden. Sifichi, hawa nawapenda. Chujio la chini ni refu, linafunika sakafu yote ya kasha, na unalivuta kwa mbele ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Uso wa mbele ni wavu, kwa hiyo chumba kisicho na AC hakiisumbui sana. Ndani kuna ukuta unaohamishika: ukiusogeza, upande wa mbele unageuka kabati la diski, na nafasi zinafika 18. Kwetu sisi wa video hilo ni jambo kubwa, maana harusi moja ya kamera tatu hula diski upesi. Ila vishikio vya diski vinavyokuja kwenye boksi havitoshi nafasi zote, vingine wavinunua kando, na hilo limeniudhi. Milango ya ubavuni yavutika kwa mkono bila bisibisi.

La pili ni Define 7 XL, ya kampuni hiyo hiyo. Mifupa ni ile ile na chujio ni lile lile, lakini mbele kuna mlango mzima wenye tabaka la kuzuia kelele. Nunua hili kama unarekodi sauti chumba hicho hicho na una AC.

La tatu ni Dark Base Pro 900 ya be quiet!, Wajerumani. Sinia la madabodi lageuzwa, kioo kikaja upande wa pili, na hilo linamfaa mwenye meza iliyobanwa na ukuta wa kushoto.

Ya bei rahisi yasiyo na jina? Mwambie muuzaji aliinue, uone chini kwa macho yako. Basi.

Na wauzaji wetu, jamani. Nilipokwenda kutafuta kasha jipya niliuliza maduka matatu chujio linatoka vipi. Mmoja akanijibu, "Dada, hili lina taa za rangi kumi na sita." Mwingine hakuwa amewahi kulifungua. Wa tatu akasema kasha ninalotaka liko Nairobi, nilipe nauli ya mzigo. Kontena linashukia Kilindini, tunaliona kwa macho yetu, linapanda bara karibu kilomita 480, kisha sisi tunalipia kasha lirudi lilikotoka, juu ya VAT ya asilimia 16 iliyokwisha kulipwa! Nimelipa, kwa sababu kazi haikungoja.

Chujio lenyewe lioshe kwa maji ya bomba, ulikung'ute, ulianike kivulini mpaka likauke kabisa, hasa msimu wa kusi. Langu hulitoa Ijumaa asubuhi kompyuta ikiwa imezimwa, na watu wakitoka msikitini huwa nimelirudisha.