SOLWEIG ndani ya QGIS: hodari wa kivuli, si wa hewa

Anayetaka kujua kwa nini mtaa mmoja unachoma saa nane mchana na wa jirani unavumilika, aanze na SOLWEIG, modeli ya kompyuta ya mionzi na kivuli mjini. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na huja ndani ya UMEP, programu-jalizi ya QGIS (programu ya bure ya kuchora na kuchambua ramani) yenye makao yake Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden. Modeli yenyewe ilichapishwa mwaka 2008. Kabla ya sifa, liwekwe wazi jambo linalowaponza wengi: ramani inayotoka humo si ramani ya halijoto ya hewa.

Inachokokotoa ni wastani wa joto la mionzi, yaani mionzi ya jua na ya joto inayompiga mtu aliyesimama mahali fulani, kutoka juu, chini na pande nne za dira, ikigeuzwa kuwa nyuzi. Halijoto ya hewa unaiingiza wewe, namba moja kwa kila saa kwa eneo zima. Ndiyo maana ramani inaweza kuonyesha nyuzi 65 kwenye lami iliyo juani na nyuzi 38 chini ya mti mita chache kutoka hapo, ilhali kipimajoto cha hewa kingeona tofauti ndogo tu. Hiyo si kasoro. Mchana wa jua kali, mionzi huchangia sana namna mtu anavyolihisi joto, na hiyo ndiyo hubadilika haraka zaidi ukibadilisha kimo cha majengo, upana wa barabara, miti au sakafu ya mtaa, kama lami au nyasi.

Msingi wa hesabu ni sehemu ya anga inayoonekana kutoka ardhini, kuanzia 0 hadi 1. Katikati ya barabara ndefu iliyozungukwa na majengo yenye kimo cha nusu ya upana wake, ni takriban 0.71. Kimo kikilingana na upana inashuka hadi 0.45, na kikiwa mara mbili ya upana, 0.24. Mtaa mwembamba wa namna hii ya mwisho hupata kivuli kingi mchana, lakini usiku kuta zake hutazamana badala ya kutazama anga, joto likakawia kutoka. Upande wa mchana SOLWEIG inauonyesha vizuri mno. Upande wa usiku ni dhaifu: kwa mpangilio wa kawaida, joto la ardhi na kuta hukadiriwa kwa kanuni rahisi inayofuata jua la siku ile ile, na jua likizama tofauti yake na hewa huwekwa sifuri. Joto lililohifadhiwa tangu jana halimo. Ripoti yoyote inayotumia SOLWEIG peke yake kuzungumzia joto la usiku mjini isomwe kwa tahadhari.

Ugumu halisi uko kwenye data. Unahitaji gridi (ramani ya vijisanduku, yaani pikseli, kila kimoja na namba yake) ya kimo cha uso, ardhi na majengo pamoja, yenye pikseli za mita 1 au 2. Data za SRTM, yaani vimo vya ardhi vilivyopimwa kutoka anga za juu, za mita 30 hazifai kabisa: jengo zima linaweza kumezwa na pikseli moja. Kama hakuna vipimo vya leza kutoka angani, chukua ramani ya misingi ya majengo yenye idadi ya ghorofa, uijumlishe na gridi ya ardhi kwa zana ya UMEP yenyewe. Gridi ya miti ni tofauti, na hapa makosa ni mengi: humo unaweka kimo cha mti kutoka ardhini, si kutoka usawa wa bahari, na pasipo mti weka 0. Ukiacha pikseli tupu, au gridi zikipishana hata kwa safu moja, programu itagoma. Mfumo wa kuratibu lazima uwe wa mita, si wa digrii.

Kisha hatua zifuate mpangilio huu: kwanza kimo na mwelekeo wa kuta, halafu sehemu ya anga inayoonekana, halafu faili la hali ya hewa, mwisho SOLWEIG yenyewe. Hesabu ya anga ndiyo inayokula muda, lakini hufanywa mara moja kwa kila umbo la mji. Hifadhi faili la matokeo yake, svfs.zip, na usilirudie bure. Eneo la mita 500 kwa 500 lina pikseli 250,000 kwa mita 1, na 62,500 tu kwa mita 2. Anza na mita 2.

Usikate eneo kwenye mpaka wa mradi. Majengo yaliyo nje ya gridi hayatoi kivuli, na jua likiwa nyuzi 20 juu ya upeo, jengo la mita 20 hutupa kivuli cha mita 55. Ongeza ukanda pembeni, kisha uutupe baada ya hesabu. Kuhusu hali ya hewa, mambo matatu ni ya lazima: halijoto, unyevu na mionzi ya jua. Ukiona kivuli cha asubuhi kimelalia mashariki, umekosea saa za tofauti na UTC, saa ya marejeo ya dunia.

Thamani zilizowekwa tangu mwanzo zinastahili kukaguliwa moja moja. Albido, yaani sehemu ya mwanga inayoakisiwa, ya kuta ni 0.20 na ya ardhi 0.15, kuta zilizopakwa chokaa nyeupe huakisi zaidi sana. Mwanga unaopenya majani umewekwa 3%, sawa kwa mti wenye majani mazito, uongo kwa mti wa majani membamba kama mgunga. Sehemu ya shina isiyo na majani ni 25% ya kimo. Ukiiacha hivyo kwa minazi utapata kivuli ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikalia.

Data za mafunzo ni za Gothenburg, mji wa kaskazini ambako jua huwa chini na vivuli ni virefu. Mazoea hayo yasihamishiwe karibu na ikweta. Huko, jua la saa sita likiwa karibu na utosi, ghorofa ndefu haikingi barabara, mti ndio unaokinga. Mwelekeo wa mtaa nao una uzito: unaokwenda kaskazini-kusini hufunikwa na kivuli asubuhi na alasiri, unaokwenda mashariki-magharibi huweza kubaki juani karibu kutwa. Endesha modeli saa zote za mchana, kwa siku za miezi tofauti. Ramani ya saa moja inadanganya.

Nyasi na maji usizitegemee sana humu. Zimo kama aina ya sakafu yenye joto lake, lakini mvuke unaopoza hewa hauhesabiwi. Anayehitaji hilo atazame ENVI-met, ambayo hukokotoa hewa, upepo na mvuke kwa pamoja, kwa gharama ya leseni na muda mrefu wa kompyuta. Picha za joto za satelaiti za Landsat ni za bure lakini kihisi chake huona kwa mita 100, hupita asubuhi, na huona mapaa kuliko wapita njia.

Matumizi bora ya SOLWEIG ni kulinganisha. Chukua mtaa ulivyo, uendeshe. Ongeza safu ya miti au pandisha ghorofa mbili upande mmoja, uendeshe tena kwa hali ya hewa ile ile, kisha toa ramani moja kutoka nyingine kwa kikokotoo cha gridi cha QGIS. Makosa mengi ya thamani za mwanzo hupungua kwa sababu yamo pande zote mbili, na tofauti inayobaki inaweza kuwekwa mezani mbele ya mpangaji miji.