Watamu ama Wasini, wikendi moja tu

Tuko wanne, Ijumaa tunatoka kazi tunadandia treni ya SGR ya usiku kutoka Nairobi mpaka Miritini, Mombasa, na hapo ndo mabishano huanza. Watamu ni rahisi, unapanda matatu ya Malindi unashukia Gede, tuktuk inakumalizia, na ukitaka unapitia magofu palepale. Wasini sasa ni feri ya Likoni, barabara hadi Shimoni, halafu boti tena, yaani ukifika mgongo umeisha lakini wueh, kisiwa hakina magari, unasikia adhana na jogoo tu, na kaa analetwa mzima kwa sahani na kijiti cha kumpasulia, mchuzi wa nazi unakutiririka hadi kiwiko. Watamu usiku kuna raha, sawa, ila kelele nimeziacha Nairobi. Mimi Wasini, anayetaka disko abaki Westlands.