Milimita sita zangu ziko wapi, fundi?

Maoni haya kuhusu kazi ya fundi niliyaandika mara ya kwanza nikayafuta yote, maana yalikuwa matusi matupu. Sasa nimetulia. Kidogo.

Habari yenyewe ni spindo ya teilstoki (kichwa cha nyuma cha mashine ya kukereza), ile inayotoka na kuingia ukizungusha gurudumu. Mashine yangu ya kukereza niliinunua ikiwa imeshapita mikono mingi, na mmoja wa hao waliotangulia aliiachia chaku, kile kishikio cha drili, izunguke ndani ya tepa, yaani tundu la spindo linalopungua kuelekea ndani, kana kwamba pale ni kwenye beringi. Ukiingiza kidole unaukuta mkwaruzo, pete nzima, kingo zake zimesimama. Drili ya milimita 10 ikiuma tu, chaku inapiga yowe, inazunguka, inachimba zaidi. Nilivumilia muda mrefu kwa kufuta mafuta na kuigongea ndani kwa nyundo ya mbao. Aliyewahi kufanya hivyo anajua: inashika mpaka siku unayoihitaji.

Rima, kile kifaa cha kukwangua na kusawazisha tundu, ningeweza kununua na kupiga mwenyewe. Sikuthubutu. Tepa hii ni ya Morse, mteremko wake ni mdogo sana, karibu 1 kwa 20, maana yake ukila 0.05 mm tu kwenye kipenyo, kila utakachochomeka kitazama milimita 1 zaidi. Na chuma kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi anayesifiwa na kila mtu, nikamwambia kwa kinywa changu: rima kwa mkono, raundi mbili tatu, pima kwa bluu, ile rangi ya kupaka kuonyesha panapogusa, ondoa vilima tu, mashimo yaache. Mkwaruzo uliozama haudhuru kitu. Kinachoizuia chaku isikae ni zile kingo zilizoinuka kando yake. Akaitikia kwa kichwa, macho yako kwenye kazi nyingine. Pale pale ningejua.

Siku ya kuchukua, lazima niseme ukweli, nilitoka pale natabasamu. Alifuta ndani kwa kitambaa, akafuta senta, ile pini yenye ncha ya kuchomeka kwenye tepa, akaisukuma kwa kiganja mara moja. Tap! Hakuna nyundo. Akanipa spindo mkononi: "Vuta, mzee." Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili huku nimeibana kwapani. Wapi! Nikalipa, nikashukuru, nikamsifia hata kijana aliyekuwa anafagia.

Furaha ile haikufika usiku. Nimerudisha spindo kwenye teilstoki, nimechomeka chaku, nazungusha gurudumu kurudi nyuma nianze kutoboa, na spindo bado imejitokeza nje nikasikia "tok". Chaku ikaangukia kwenye reli, mlio wake ninao mpaka leo. Skrubu ya ndani ndiyo iliyousukuma ulimi, ile ncha bapa ya nyuma ya chaku. Kazi yake ni hiyo, kuitoa tepa spindo ikirudi mpaka mwisho. Lakini mwisho haujafika! Nikapima: inatoa milimita 6 kabla ya pale ilipokuwa inatoa zamani. Piga hesabu mwenyewe. Milimita 6 kwa 20 ni 0.3 mm. Mtu nimemwomba anipunguzie kucha, amekata kidole.

Nilirudi kesho yake, au keshokutwa, na kalipa yangu ya kupimia mfukoni. Alikuwa anakereza shafti, hakuzima mashine. Nikaeleza kwa kupaza sauti juu ya ule mlio, kama mtu anayehubiri stendi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Si ulisema inazunguka?"

"Ndiyo."

"Sasa inazunguka?"

"Haizunguki, lakini..."

"Basi." Akageukia shafti yake. Halafu, si kwangu, kwa vijana wake: "Hawa wa mashine za nyumbani wanapima kuliko wanavyokereza."

Wakacheka. Mimi na kalipa yangu tumesimama pale. Nikamwambia kazi ya mtu unamuuliza mwenyewe kabla hujaila, akajibu kwamba nikate ulimi wa chaku, mambo yaishe. Nikate ulimi! Spindo yangu haina tundu la kushika ulimi, hilo ni kweli, kwa hiyo ndani ya teilstoki ulimi hauna kazi zaidi ya kusukumwa. Lakini chaku hiyo hiyo naihamishia kwenye mashine ya kutobolea, na huko bila ulimi kabari ya kuitolea chaku itasukuma nini? Niliondoka bila kuaga. Kijana wa ufagio alinifuata mpaka mlangoni ananiambia kitu kuhusu skrubu, sikumsikiliza.

Kama ningeandika siku ile ingekuwa nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya kijana.

Tatizo ni bluu. Wiki ile ile, kwa nia ya kutafuta ushahidi zaidi wa kumshtaki, nilipaka senta mpya bluu nyembamba, nikaichomeka, nikaizungusha kidogo, nikaitoa. Imegusa kila mahali, kuanzia mdomoni mpaka ndani, mistari mitupu ya mikwaruzo ndiyo haikugusa. Sijawahi kuona tepa inayogusa hivyo kwenye mashine yangu. Nikakumbuka nilivyopima kabla ya kuipeleka: bluu ilishika nyuma tu, mdomoni pakavu kabisa. Mdomo ulikuwa umepanuka kama kengele. Na mdomo ukishapanuka, rima lazima ikate sehemu ya nyuma kwanza mpaka ukubwa wake uufikie ule wa mbele, hakuna njia nyingine kwa rima. Raundi zangu mbili tatu zingeondoa vilima na kuacha chaku inacheza vile vile. Alilijua hilo. Hakunieleza. Angetumia nusu dakika kusema "mzee, mdomo umeliwa, itazama milimita kadhaa, niendelee au nitie sleevu?" Nusu dakika! Ningesema endelea.

Kwa hiyo nyota nne za mikono na sifuri ya mdomo. Au tatu. Ile ya "wanapima kuliko wanavyokereza" naipunguzia nusu nyingine, hasa kwa sababu mke wangu aliposikia naye alicheka.

Na skrubu, maana mtauliza. Nilipoitoa nikaona pua yake haina meno, ni kipande kitupu cha kusukumia tu. Nikaifunga kwenye mashine ile ile, nikakata milimita 6, nikalainisha ukingo, nikarudisha. Kila kitu sasa kinatoka pale pale pa zamani na ulimi wa chaku mzima. Juzi nimetoboa kwa drili ya 16, nikachora mstari wa penseli kutoka kwenye chaku mpaka kwenye spindo kabla ya kuanza. Nimemaliza, mstari umenyooka.

Nina hakika hilo ndilo alilotaka kuniambia yule kijana mlangoni, na nina hakika nani alimtuma. Sijarudi. Kuna spindo ya rafiki yangu ina ugonjwa huo huo na ananiuliza aipeleke wapi, nimemwelekeza kwake. Nimemwambia aende na bluu yake.